Barua ya wazi kwa wakuu wa mradi wetu wa droni: moto umo kwenye plagi

Mkomani, Lamu
Machi

Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi wa Mradi
na Waheshimiwa Wanakamati,

KUH: PLAGI ZA BETRI ZINAZOYEYUKA, NA CHUMBA CHA KUCHAJIA KILICHO CHINI YA WATU WALIOLALA

Assalaam alaykum.

Nimewaandikia mara tatu kabla ya leo, na mara zote kwa siri. Barua ya kwanza niliileta kwa mkono, haikujibiwa. Ya pili niliituma kwa baruapepe, nikapata mstari mmoja: suala langu linashughulikiwa. Ya tatu nilimkabidhi karani, akaigonga muhuri mbele ya shahidi, na jibu lake likawa kuniondoa kwenye meza ya ufundi na kunipeleka gatini kuandika majina ya wanaopanda boti. Sitawadanganya, kazi hiyo ni nyepesi na mshahara ni uleule. Lakini betri ziko palepale, na bimkubwa anayekaa juu ya chumba cha kuchajia bado analala palepale na wajukuu wake wanne. Ndiyo maana leo nasema hadharani.

Sitaji jina la mradi wala la mtu. Mnajijua, na Lamu ni mji mdogo.

Kwa msomaji asiyeijua kazi yetu: tunarusha droni kubwa yenye mikono sita kupiga picha za mikoko, ili ijulikane iko wapi, imekatwa wapi na inaota wapi. Zaidi ya asilimia 60 ya mikoko yote ya Kenya iko Lamu, kwa hiyo kazi yenyewe ni ya heri na mimi sina ugomvi nayo. Nimeifanya kwa miaka miwili, nikisolodea, nikichaji, na nikiopoa kwenye matope kilichoanguka. Malalamiko yangu ni haya.

1. Plagi zinaungua, na ninyi mnalaumu marubani.

Betri yetu moja ina seli sita za lithiamu-polima. Ikijaa inasoma volti 25.2. Kwa hesabu ya kawaida ni volti 22.2 na ampea-saa 16, yaani wati-saa 355. Siku ya shwari droni ikisimama hewani huvuta ampea karibu 48, na kusi ikishika hupita 60. Mkondo wote huo, kwenda na kurudi, unapita kwenye pini mbili zenye unene wa milimita 3.5.

Pini mpya, safi, iliyosolodewa sawasawa, haina neno. Lakini hapa ni Lamu. Hewa ina chumvi, droni inatua kwenye sitaha iliyolowa, na mkono unaochomeka betri ndio uleule uliotoka kuvuta nanga. Miezi michache tu na ile dhahabu iliyopakwa juu imekwanguka, shaba ya ndani imefanya ukijani, na pini imelegea. Isitoshe, kila mara betri iliyojaa inapochomekwa inaruka cheche. Vijana wanaupenda ule mlio wake, wanasema droni imeamka. Mimi kila nikiusikia najua ncha ya pini imeongezewa shimo jingine, na kila shimo ni ukinzani mpya kwenye njia ya umeme.

Mwezi wa Januari niliifunga droni kwa kamba kwenye magunia ya mchanga, mwenzangu akazipandisha mota mpaka mkondo ukasimama kwenye ampea 48, nami nikapima kwa multimeta volti zinazopotea kwenye plagi peke yake. Plagi mpya ilipoteza volti 0.04. Zidisha kwa 48, unapata kama wati mbili, joto ambalo hata mkono hauhisi sana. Plagi ya betri namba 7 ilipoteza volti 0.48. Zidisha: wati 23. Pasi ndogo ninayosolodea nayo imeandikwa wati 25.

Yaani, waheshimiwa, mlikuwa mnarusha droni yenye pasi ya kusolodea iliyowashwa tumboni. Tena joto hili haliongezeki hatua kwa hatua na mkondo. Mkondo ukizidi mara mbili, joto linazidi mara nne, ndiyo maana mambo huharibika siku ya upepo na si siku ya shwari. Solda ya bati na risasi huyeyuka kwenye nyuzi 183. Wiki tatu baada ya kipimo changu, waya mwekundu wa betri namba 7 ulichomoka wenyewe juu ya mkono wa bahari wa Mkanda, na droni ikashuka kama dafu. Nilikuwa nimeiandikia betri hiyo kwa kalamu nyekundu: ISITUMIKE. Mtu aliifuta.

Ripoti yenu ilisema ni kosa la rubani. Kijana huyo wa Matondoni alikatwa mshahara wa mwezi mzima. Mimi ndiye niliyeiopoa droni, nusu saa baada ya kuanguka, maji yakiwa bado yamepwa, na nilipopima seli zote sita zilisoma volti 3.9. Betri haikuwa imeisha. Umeme ulikuwepo, ila ulikatika njiani, kwenye solda, na hakuna rubani duniani anayeweza kushika waya kwa mkono akiwa mita mia moja chini yake. Hilo nililiandika kwenye barua ya pili, ile iliyojibiwa kwa mstari mmoja.

Kisha mkafanya nini? Mkanunua betri mpya nne, na fundi mpya akaambiwa azifunge plagi kutoka kwenye mfuko uleule wa plagi za kuiga. Plagi hizo zina namba 60 kwenye jina lake, na ofisini namba hiyo inasomwa kama ruhusa ya kupitisha ampea 60 kutwa nzima, juani. Jina la plagi halipitishi umeme. Nailoni ya zile za kuiga inalainika mapema, pini inainama, na kuanzia hapo inagusana kwa upande mmoja tu. Joto lake nalo halibaki pale: shaba inalisafirisha mpaka kwenye mizizi ya seli. Ndiyo maana betri mpya zinavimba baada ya miezi mitatu, nanyi mnasema muuzaji amewaibia.

2. Chumba cha kuchajia.

Chumba kiko chini ya nyumba ya mawe, dirisha moja, dari ya boriti za mikoko. Wakati mwingine nacheka peke yangu: mradi wa kulinda mikoko umeweka jiko lake chini ya mikoko iliyokaushwa miaka mia.

Kazi yetu inafuata maji. Bamvua likifika, maji yakipwa sana, tuna saa mbili au tatu tu za kupiga picha mizizi ikiwa wazi, kwa hiyo kila betri inayoshuka inakimbizwa kwenye chaja ikiwa bado ya moto. Betri hizi hazitakiwi kuchajiwa zikiwa zimepita nyuzi 45. Nimewahi kupima 58 kwenye betri ambayo tayari ilikuwa na taa ya kijani ya chaja. Nilipouliza, niliambiwa maji hayangoji. Kweli hayangoji, lakini hilo linajibiwa kwa kuongeza betri, ili iliyotua ipate nusu saa ya kupoa kivulini.

Halafu kuna ule ubao. Betri sita zinaunganishwa pamoja kwenye ubao mmoja ili chaja moja izijaze zote. Kama zote zina volti sawa, sawa. Kama moja imejaa na nyingine iko chini, ile iliyojaa inaimwagia nyenzake mara tu unapochomeka, na chaja haiwezi kuzuia kitu kwa sababu mkondo huo haupiti kwake. Unapita kwenye plagi zilezile za namba moja hapo juu. Ubao hauna fyuzi. Niliomba fyuzi.

Usiku ule wa Februari mnaujua, lakini wakazi wengine wameusikia nusunusu, basi niuseme. Ubao uliachwa ukichaji baada ya isha, mlango ukafungwa kwa kufuli, mlinzi akaachwa nje bila ufunguo. Karibu na saa saba bimkubwa wa juu alisikia harufu tamu, kama ya rangi ya kucha, akadhani ni wasichana wa jirani wanajiandaa kwa harusi. Harufu hiyo ni maji ya ndani ya seli yanayovuja. Alipoona moshi akapiga kelele. Majirani wakauvunja mlango kwa shoka, mlango wa nakshi, katika mji ambao UNESCO iliuandika kuwa urithi wa dunia mwaka 2001, kwa sababu ufunguo ulikuwa Shela mfukoni mwa msimamizi.

Mtungi wa unga wa kuzimia moto siku hiyo haukuzima chochote. Ulikata mwali, mwali ukarudi. Ukakatwa tena, ukarudi tena. Ndani ya seli kuna utando mwembamba wa plastiki unaotenganisha pande mbili, nao huyeyuka kwenye nyuzi kama 130. Ukishayeyuka, pande hizo zinagusana na seli inazaa joto lake yenyewe, inaipikia jirani yake, na jirani anampikia wa pili. Unga hauipozi. Kilichosaidia ni maji, ndoo baada ya ndoo, na vijana wawili waliozikokota betri zilizobaki kwa jembe mpaka ufukoni. Mmoja alikohoa siku tano. Moshi wa betri hizi una haidrojeni floraidi, sumu inayochoma mapafu, na hakuna aliyekuwa na barakoa wala aliyewahi kuambiwa asimame upande upepo unakotoka.

Mnategemea gari la zimamoto? Kichochoro chetu, punda wawili wenye mizigo wakikutana, mmoja hurudi nyuma.

Baada ya usiku huo chumba kilipakwa chokaa. Sasa kinachajia tena.

3. Boti.

Hili halihitaji maneno mengi. Betri zilizojaa zinabebwa kwenye sanduku la plastiki lisilo na kizuizi ndani, pini zikiwa wazi, pamoja na spana, minyororo na funguo, na sanduku hilo linawekwa nyuma, kando ya mitungi ya petroli, kwa sababu mbele kunarusha maji. Spana ikizigusa pini mbili kwa pamoja, hakuna swichi ya kuzima. Nahodha mmoja mzee alikataa kubeba sanduku hilo, mkamtafuta mwingine. Mzee yule alikuwa na akili kuliko sisi sote tuliosomea mambo haya.

4. Betri zilizovimba.

Ziko kumi na moja kabatini. Mmeziita betri za mazoezi, na wanagenzi ndio wanaozirusha. Asiyejua ndiye anayepewa iliyo hatari zaidi.

5. Ndege ya Manda.

Mara mbili niliagizwa nisafiri na betri kwenda Nairobi kwa matengenezo, nikiwa nimezizungushia nguo ndani ya begi la kupakiwa chini. Mara ya kwanza, Mungu anisamehe, nilikubali. Sikujua. Kanuni za usafiri wa anga zinajulikana dunia nzima: betri ya akiba ya lithiamu haiingii kwenye begi la chini hata iwe ndogo namna gani, mpaka wati-saa 100 unabeba mkononi, kati ya 100 na 160 unaomba ruhusa ya shirika, tena zisizidi mbili, na inayopita 160 abiria habebi kabisa. Zetu ni 355. Tangu Aprili 2016 hata kuzituma peke yake kama mzigo ndani ya ndege ya abiria kumepigwa marufuku. Mara ya pili nilikataa, na nadhani jina langu liliharibika siku hiyo, si siku ya barua.

Najua mtakayojibu, kwa maana mengine nimeshaambiwa uso kwa uso.

Mtasema betri zina ulinzi wake ndani. Baadhi zinao. Ulinzi huo unaangalia seli, na plagi iko nje yake. Plagi inaweza kuyeyuka mpaka ikawa uji huku kioo kikiandika kwamba betri ni nzima.

Mtasema vifaa vyetu si vya uchochoroni, vimetoka kwa kampuni kubwa. Novemba 2016 kampuni ya GoPro ya Marekani iliita zirudishwe droni zake zote za Karma ilizokuwa imeuza, kama 2,500, siku chache tu baada ya kuingia sokoni, kwa sababu zilikuwa zinazimika hewani. Tatizo lilikutwa kwenye kishikizo cha betri: betri ilikuwa inalegea, umeme unakatika. Kampuni kubwa ile haikusema ni kosa la rubani. Ilirudishia watu fedha zao.

Mtasema ni joto la Lamu. Joto la Lamu ni la wote, na betri tatu nilizozifunga plagi halisi kwa mkono wangu mwaka jana ziko nalo mpaka leo, hazijavimba.

Mtasema bajeti. Jozi moja ya plagi halisi, ya ukubwa unaofaa, haizidi bei ya samaki wa kupaka kwa watu wawili kwenye hoteli mnazofanyia mikutano. Sisemi msile samaki.

Na mtasema hakuna aliyekufa. Hapo sina la kujibu, isipokuwa kuwaomba mpande ngazi mkamwambie hivyo bimkubwa.

Ninachoomba ni hiki, nami naomba kijibiwe kwa maandishi ndani ya siku 14.

Chumba cha kuchajia kihamishwe leo, si mwisho wa mwaka wa fedha. Kuna banda tupu la matofali upande wa Mokowe, mnalilipia kodi, lina sakafu ya saruji na halina mtu juu yake. Betri zichajiwe huko, mtu akiwepo, zikiwa zimepoa, kila moja na chaja yake au ubao wenye fyuzi. Pipa la maji na ndoo ziwe mlangoni, na ufunguo uwe kwa anayelinda. Zinazolala bila kazi zishushwe mpaka volti 3.8 kwa seli. Hazina sababu ya kukaa zimejaa kutoka Ijumaa hadi Jumatatu.

Plagi zote zibadilishwe kwa zile kubwa zenye pini za milimita 4.5 na kizuia cheche, kutoka kwa muuzaji anayejulikana. Zisolodewe na mtu mmoja anayeweka jina lake. Kila mwezi kila plagi ipimwe kama nilivyopima ile namba 7, na inayopoteza zaidi ya volti 0.1 ikatwe. Mwisho wa siku zifutwe chumvi kwa spiriti. Kipimo chote hicho ni kazi ya asubuhi moja, nami niko tayari kuwafundisha vijana bila malipo, hata nikibaki mwandikaji wa majina.

Kwenye boti, kila pini ivikwe kifuniko, kila betri iwe na chumba chake sandukuni, na petroli ikae mbali nazo. Zile kumi na moja zilizovimba zitolewe kabatini na zipelekwe kwa wanaoshughulikia taka za betri. Zisitupwe jaani wala kuzikwa mchangani, maana watoto wetu huchimba. Anayesafiri kwa ndege asiagizwe tena kubeba kilichokatazwa.

Kijana wa Matondoni arudishiwe mshahara wake, na ripoti iandikwe upya ikiwa na vipimo vyangu ndani yake, kisha nakala yake ipelekwe kwa mamlaka ya usafiri wa anga. Kenya ina kanuni za droni tangu 2020. Tunazitaja kila tunapoomba kibali, basi tuzitaje na siku droni inapoanguka.

Mlango wa nakshi nao una mwenyewe. Fundi seremala ameshautazama, anangoja kuambiwa nani atamlipa.

Plagi tisa zilizoungua ninazo kwenye kopo la maziwa ya unga, kila moja na karatasi yenye namba ya betri na tarehe. Jumapili hii baada ya alasiri nitakuwa Mkunguni, kwenye mabenchi mbele ya ngome. Anayetaka kuziona aje, na akiwa na multimeta yake ndiyo vizuri zaidi, asije akasema yangu imeharibika.

Wenu mtiifu,

Aliyekuwa fundi wa betri wa mradi,
sasa mwandikaji wa majina gatini